Nani Alilipia Fidla ya Paganini?

Huku kwetu mtu akipata, hatuulizi amepataje. Tunauliza amempa nani. Nilikuwa karani wa duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, kule Nyarugusu, nikiandika mgao wa mawe kwenye daftari, mfuko kwa mfuko, na sikuwahi kuona duara likitoa mawe ya maana halafu jioni ile isizuke habari ya mwenye duara. Mara ana mganga wake Sumbawanga. Mara kitindamimba wake hajatamka neno tangu azaliwe, na sababu tunaijua. Mara amekatazwa kulala kitandani mpaka mwaka uishe. Kwamba alifuata mkanda wa dhahabu ambao wenzake waliukatia tamaa, kwamba aliuza ng'ombe wa mahari ya dada yake akanunua pampu ya kuvuta maji, hayo kila mtu anayajua, lakini hayasimuliwi. Hayana ladha.

Kazi ya duara niliiacha. Siku hizi ni mwalimu wa kwaya katika parokia moja upande wa Kahama. Napiga kinanda, na nyuzi zikipatikana napiga fidla. Fidla yenyewe niliachiwa na padri mmoja mmisionari alipozeeka akarudi kwao, pamoja na kabati la vitabu ambalo mchwa walianza kulisoma kabla yangu. Ndani ya kabati hilo ndimo nilimokutana na maisha ya Niccolò Paganini. Tangu siku hiyo nabishana, si na yeye, bali na watu waliomzunguka, maana swali lao nalifahamu vizuri. Ni swali la machimboni: kipaji kikubwa namna hii, nani alikilipia?

Paganini alizaliwa Genoa, mji wa bandari huko Italia, tarehe 27 Oktoba 1782. Baba yake, Antonio, alikuwa mtu wa kubangaiza bandarini na mpenzi wa mandolini. Alimfundisha mtoto mandolini, kisha fidla, na kwa maneno ya Paganini mwenyewe alipokuwa mtu mzima, asipofanya mazoezi ya kutosha alinyimwa chakula. Kijana akakua, akapata kazi Lucca kwenye ikulu ya Elisa, dada yake Napoleon, na huko akatunga kipande cha kupigwa kwa uzi mmoja tu kati ya nyuzi nne za fidla. Mwaka 1820 vilichapishwa vipande vyake 24 vya fidla peke yake, bila kinanda, bila mwenzake wa kumsindikiza, naye akaviweka wakfu kwa wasanii. Nimevijaribu. Kuna kurasa ambazo ukizitazama tu kidole kinauma.

Mwaka 1828 alivuka mpaka wa Italia kwa mara ya kwanza akaenda Vienna, na hapo ndipo maneno yalipopata miguu. Mtu mmoja ukumbini aliapa kwamba wakati Paganini anapiga kipande chake kiitwacho "Wachawi", alimwona Shetani amesimama pembeni akimwongoza mkono wa upinde. Wengine walisema alikaa gerezani miaka mingi kwa kosa la kuua, nyuzi zikamkatikia moja moja hadi ukabaki mmoja, ndiyo maana anaumudu uzi mmoja vile. Wengine wakaenda mbali zaidi. Nyuzi za fidla zama zile zilisokotwa kwa utumbo wa kondoo. Wao wakasema uzi wa Paganini ni utumbo wa mwanamke aliyemuua kwa mikono yake. Ilifika mahali mtu mzima, mwenye umri wa zaidi ya miaka arobaini, akalazimika kuchapisha barua ya mama yake ili dunia ielewe kwamba amezaliwa na binadamu.

Msukuma hahitaji kufafanuliwa habari hizi. Mavuno yakishaingia ghalani, mwezi wa sita na wa saba, Wagika na Wagalu hutoka kushindana ngoma. Vyama hivyo viwili vinajihesabu kwa waanzilishi wawili mahasimu, Ngika na Gumha, na kila upande una dawa zake za ngoma. Wachezaji wa nyoka, wachezaji wa majembe, wote wamo humo. Ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna jaji wala karatasi ya alama: anayevutiwa na wengi ndiye aliyeshinda. Umati ukianza kuhama, mtu wa tano, mtu wa hamsini, mwisho uwanja wa upande mmoja unabaki vumbi na wapiga ngoma wenyewe, husikii mtu akisema ningi, kiongozi wa ngoma, wa upande ule ametunga wimbo bora. Utasikia samba lao, dawa yao ya ngoma, ni kali. Waliochimbia kitu uwanjani usiku ni wao. Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliyeanzisha Bujora pale karibu na Kisesa katika miaka ya 1950, aliichukua ngoma hiyo hiyo akaiingiza katika sikukuu ya Ekaristi, Bulabo. Najua wanaonung'unika mpaka leo. Mimi namshukuru, maana alikubali kwamba uzuri ule unaweza kuwa na asili nyingine.

Lakini kwa nini tunautaka sana huo mkataba wa kuuza roho? Nimekaa na swali hili muda mrefu, na jibu nililonalo halipendezi.

Tunautaka kwa sababu unatupumzisha. Kama Paganini aliuza roho yake, basi hakuna aliyenidhulumu. Bidhaa ilikuwepo dukani, bei ikatajwa, yeye akalipa, mimi nikakataa. Kutojua kwangu kupiga kunageuka kuwa uadilifu. Umaskini wangu unageuka kuwa uchaji wa Mungu. Ndivyo wanavyosema wazee kijiweni mwenye duara akipita na gari jipya: hata mimi ningetaka ningepata, ila sikuwa tayari kumtoa mwanangu. Wanasema kwa utulivu mkubwa, kama watu waliopewa risiti. Lisilovumilika ni lile lingine, kwamba jirani alipewa tu, na wewe hukupewa, na hakuna dirisha la kwenda kulalamika.

Fidla yenyewe ya Paganini ni ushahidi wa upande wangu. Ilitengenezwa Cremona mwaka 1743 na Guarneri, yule aliyeitwa "del Gesù", na kwa sauti yake nene Paganini aliiita Mzinga. Inavyosimuliwa, kijana huyo alikuwa mcheza kamari wa kupindukia, akafika Livorno kupiga hadharani hana hata chombo. Mfanyabiashara mmoja wa hapo akamwazima chake. Alipomaliza kupiga akaenda kumrudishia, na yule bwana akakataa kuipokea: baada ya alichokisikia hakuona vipi angeishika tena. Basi, aliilipia nani? Hakuna. Chombo ambacho Ulaya nzima ilikitafutia mkataba wa damu kilikuwa zawadi, tena amepewa mtu aliyekuwa ametoka kupoteza pesa zake mezani. Alipokufa aliiachia Genoa, mji wake, na iko huko hadi leo.

Mwalimu wa shule atanikatiza hapa. Atasema tuache uchawi na tuache zawadi, jibu ni bidii. Ni jibu zuri la kuwaambia watoto, nami huwaambia. Ila nimegundua kwamba bidii nayo tunaitumia kama mkataba mwingine, wenye mhuri safi zaidi: alilipa kwa jasho, kwa hiyo ni haki yake. Antonio alimnyima mwanawe chakula. Genoa ile ilikuwa na baba wangapi wakali, na watoto wangapi waliolala njaa bila kutoa Paganini mwingine? Daktari Francesco Bennati alimpima akaandika Paris mwaka 1831 kwamba viungo vya mkono wake wa kushoto vilikunjuka kupita kawaida, kidole kikafika ambako cha mwingine hakifiki bila kuhamisha kiganja. Mkono ule hakuufanyia kazi. Alizaliwa nao. Jasho alilolitoa ni kweli alilitoa, lakini hata hamu ya kutoka jasho mtu huikuta ndani yake asubuhi, hajui nani aliiweka. Paulo aliwauliza Wakorintho wana kitu gani ambacho hawakukipokea, na sijasikia kwamba walimjibu.

Upande wa pili wa jambo hili si wa falsafa. Anayeamini kwamba kila kitu kikubwa kina bei, siku akikitaka ataenda kuulizia bei. Na bei anayotajiwa kwa kawaida haimo mwilini mwake mwenyewe. Kuanzia mwaka 2007 ukanda huu wetu, Shinyanga, Geita, Mwanza, ulijulikana duniani kwa kuuawa watu wenye ualbino, viungo vyao vikitafutwa kwa ajili ya madini na samaki na kura. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mtoto wa kiume wa Bukombe. Ulaya uvumi wa uzi wa utumbo wa mwanamke uliishia kwenye magazeti na vibonzo. Kwetu ulipata wateja.

Tena, ukichunguza sura zinazodhaniwa za kichawi utakuta mara nyingi zimetengenezwa na sisi. Nyika ya Shinyanga ilifyekwa, kwanza kumfukuza mbung'o, baadaye kwa ajili ya pamba na kuni, hadi mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa HASHI kuirudishia miti yake. Bibi asiye na kuni anapikia kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua ya pamba. Moshi ule unamla macho miaka thelathini, yanakuwa mekundu, na macho mekundu yanamfanya mchawi, mapanga yanafuata. Paganini naye hivyo hivyo. Aliugua, akaambiwa ni kaswende, na dawa ya kaswende enzi zile ilikuwa zebaki. Mwaka 1828, mwaka ule ule wa Vienna, alifanyiwa upasuaji wa taya huko Prague akapoteza meno ya chini. Mashavu yakabonyea, ngozi ikapauka, mwili ukakonda ndani ya koti jeusi. Watu wakamtazama jukwaani wakasema, huyu amekutana na Shetani. Alikuwa amekutana na daktari.

Zebaki hiyo ninaijua kwa harufu ya moto wake, ingawa yenyewe haina harufu. Mwaloni huku, mahali pa kuoshea dhahabu, unaimimina kwenye karai lenye mchanga uliosagwa na karasha, unakanda kwa mkono mtupu mpaka inakamata dhahabu, unakamua kwa kitambaa, kisha unachoma kidonge kwenye kijiko au kipande cha bati. Moshi unapanda usoni, dhahabu inabaki. Wataalamu waliopima wachimbaji wa Rwamagasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliikuta mwilini mwao, na wachomaji ndio walioonyesha dalili, miongoni mwake kutetemeka. Mpiga fidla anafundishwa kutetemesha kidole juu ya uzi kwa makusudi, ili sauti ipate uhai. Mikono ya wachomaji wetu inatetemeka bila kufundishwa, na hao ndio wanaobeba kikombe cha chai kwa mikono miwili kijiweni wakati wenzao wanasimulia masharti ya mganga. Bei ya dhahabu ipo, basi, na inalipwa. Ila haimsaidii mlipaji kupata zaidi, wala hakuna aliyeiomba.

Kanisa nalo lilijichanganya kuhusu mtu huyu, na sisi wa Kanisa tusijifanye hatuoni. Mwaka 1827 Papa Leo XII alimtunuku Paganini nishani ya Spuri ya Dhahabu. Tarehe 27 Mei 1840 alifia Nice, sauti imekwishamkauka miaka miwili, mwanawe Achille akimsoma midomo na kuwaambia wageni alichosema. Padri aliyetumwa kwake alikuwa amerudishwa bila kumkomunisha, maana mgonjwa aliamini saa yake bado. Askofu wa Nice akakataa azikwe ardhi iliyobarikiwa. Mwili ukahamishwa huku na huko, nyumba hadi nyumba, na Achille akahangaika nusu ya maisha yake. Ilikuwa mwaka 1876, miaka 36 baada ya kifo, ulipopata kaburi katika makaburi ya Parma. Simlaumu askofu kwa kushika kanuni. Ninachojiuliza ni kama kanuni ingekuwa ngumu kiasi kile kwa mwuza samaki wa Nice aliyekufa bila sakramenti na bila uvumi.

Leo mikataba inauzwa hata madhabahuni. Ukipita barabara ya Kahama kwenda Geita utaona mabango: panda mbegu ya kiasi fulani, utavuna mara mia, maji, mafuta, chumvi, leso. Mchimbaji anatoka kwa mganga Ijumaa anaingia huko Jumapili, na hahisi amevuka mpaka wowote, kwa sababu hajauvuka. Amebadilisha muuzaji. Wahubiri hao hawana budi kuruka ule mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyewalipa wa saa kumi na moja sawasawa na wa alfajiri. Nami kama karani mstaafu nawaelewa. Ningegawa mifuko ya mawe namna hiyo Nyarugusu, usiku ule ningeomba kulala kituo cha polisi kwa usalama wangu.

Desemba 1838, mgonjwa na bubu, Paganini alimsikia Hector Berlioz, mtunzi wa Kifaransa aliyebanwa na madeni, akampelekea faranga 20,000. Hakumwomba kitu. Paris haikuamini. Bahili yule? Wakasema pesa ni za mtu mwingine, yeye katumwa tu kuzipeleka. Unaona? Alipopokea waliutafuta mkataba, na alipotoa wakautafuta tena.

Naandika haya kwa sababu nina mwanafunzi. Baba yake ni mchomaji wa dhahabu, mikono imeshaanza. Mama anauza vitumbua stendi. Kijana alikuja kuimba sauti ya tatu, akaiona fidla, akaomba kuigusa. Kiangazi chetu ni kikavu mno, vigingi vya nyuzi vinalegea na kujirudi vyenyewe, navipaka chaki ya ubaoni vishike. Yeye aliijua hila hiyo kabla sijamwonyesha. Alitazama mbao, akatazama chaki, basi. Sasa anapiga mambo ambayo mimi nimeyafukuzia tangu nina nywele nyeusi. Nikimsikiliza nafurahi, halafu kuna kitu kingine kinachofuata nyuma ya furaha, na kitu hicho kinaanza kuuliza: huyu kapewa na nani, na kwa lipi? Nakijua, nakiacha kiulize, natengeneza nyuzi.

Kwaya ilianza kunong'ona. Mzee mmoja wa parokia akanifuata sakristia kunidokeza kwamba fidla ile ni ya marehemu, na vya marehemu vina mambo. Nikamwambia padri yule yu hai, ananiandikia kila Krismasi. Hakuridhika.

Mama wa kijana yeye alikuja nyumbani mchana, kanga kifuani, kuku mtetea kwapani.

"Mwalimu, sijui ni kiasi gani."

"Kiasi cha nini, mayu?"

"Cha hiyo kazi. Na kama kuna kitu tunatakiwa kutoa, sema. Baba yake amesema tusije tukadaiwa baadaye."

Nikamweleza kwamba hakuna ada wala sharti, mtoto kapewa na Mungu, mimi namshikia tu chombo. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayekuficha bei ili akupige vizuri baadaye. Nikamwambia kuku nitampokea, ila kwa shukrani, si kwa malipo. Akauliza tofauti ni ipi, kuku si ni huyo huyo? Na kweli ni huyo huyo. Nilifikiri nikamjibu kwamba kuku wa mganga anatangulia na anadai. Kuku wa shukrani anakuja kitu kikishapatikana, na asingekuja kisingechukuliwa. Akatikisa kichwa taratibu. Nikadhani tumeelewana. Tukamfunga kuku mguu, tukanywa chai, tukazungumza habari za mvua.

Juma lililofuata kijana alikuwa apige peke yake kwenye Misa ya Jumapili, na Jumamosi jioni mama akarudi, safari hii mikono mitupu.

"Mwalimu," akasema, "kesho akikosea, kuku utamrudisha?"

Nikamwambia kuku ameshaliwa.